Yaya, Ziwa Lile Halikuwa Letu

Mpendwa Yaya,

Mkenya mmoja ninayebeba naye mifuko ya saruji kwenye jengo letu hapa Ilford, London, aliniuliza juzi, "Huyu yaya unayemtaja kila siku ni nani? Kwenu mlikuwa matajiri hivyo, mkaajiri yaya?" Kwao yaya ni mtu wa kulea watoto wa wengine. Nikamweleza kwamba kwetu Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, awe wa kike au wa kiume. Akacheka, akasema, "Basi ni yuleyule. Si alikulea?" Nikasema ndiyo, alinilea. Kisha nikaenda nyuma ya rundo la mchanga, nikajifanya natafuta koleo.

Wiki hii baridi imeshika. Asubuhi maji yaliyotuama kwenye uwanja wa jengo yalikuwa yameganda, kidimbwi cha upana wa mkeka tu. Wenzangu walikanyaga wakapita, yakavunjika kama sahani. Mimi nilizunguka mbali, nikapita kwenye matope na mfuko wangu begani. Msimamizi akapiga kelele, "We bwana, unaogopa kutota?" Hapa hakuna anayejua. Wanajua kwamba nina ndugu aliyefariki Kanada kwa ajali ya lori, basi, na ajali za lori ni nyingi duniani.

Hii ni baridi ya pili tangu uende. Nakuandikia kwa sababu mwezi uliopita nilifanya jambo nikidhani ni jema, likamwangukia mama. Dawa yake ninayo mimi peke yangu, na siwezi kuitoa. Nivumilie, mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha darasa la sita kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Unajua, ulinichapa kwa hilo.

Unakumbuka mwaka wako wa kwanza wa kuendesha kule kaskazini? Ulinipigia ukasema, "Mdogo, leo nimevuka ziwa na lori." Nikauliza, "Kwa daraja?" Ukasema, "Daraja gani? Juu ya ziwa lenyewe. Linaganda, wanapitisha greda kuondoa theluji, wanasimika vijiti pembeni, inakuwa barabara. Vijiji vya ng'ambo wakati wa joto vinafikiwa kwa ndege tu. Baridi ikija ndiyo tunawapelekea mafuta, unga, mbao, kila kitu." Nilidhani umeanza kunywa. Dada yetu Furaha, kule Baraka, akamwunganisha mama kwenye simu ileile, mama akasema, "Mwambie asirudie maneno hayo mbele ya watu. Mtu anayetembea juu ya maji ataulizwa dawa alipata wapi." Ukamwambia, "Mama, hata Petro alitembea." Akakujibu palepale, "Na akazama." Tulicheka sote, kila mtu katika nchi yake.

Halafu ghala nililokuwa napanga maboksi likafungwa, nikakaa bila kazi, nikawa naamka mchana, sinyoi. Ukasikia kwenye sauti. Ukasema njoo, ukae kwetu majuma matatu, uwaone watoto, ulale, ule. Mkeo Mama Neema alinipokea vizuri. Siku ya kwanza tu alinipikia sombe, majani ya muhogo kama ya nyumbani, akaniambia, "Shemeji, umekonda kama mtu wa kambini." Akanipa koti lako la zamani. Viatu havikunitosha, miguu yangu ni mikubwa kuliko yako, nikabaki na vile vya London. Viatu hivyo, Yaya, nitavitaja tena.

Tajiri wako alikubali nikusindikize safari moja, baada ya kunipa karatasi nitie sahihi. Niliitia bila kusoma. Tulifika mwisho wa nchi kavu mchana, jua kali lisilo na joto hata kidogo. Mbele yetu palikuwa peupe, hapana mti, hapana ng'ambo. Ulishuka. Baba yetu kila alipotaka kupanda boti alikuwa akichota maji kwa kiganja, anajipaka usoni. Wewe ulivua glavu, ukakwangua barafu kwa kucha, ukajipaka kidogo kwenye paji. Ukaniona nakutazama. Ukasema, "Nini? Ni ziwa hili."

Nilikuwa nimefunga mkanda kama mtu mwenye adabu. Ukaniambia, "Fungua."

"Nifungue mkanda?"

"Mkanda ni wa nchi kavu. Huku unaufungua, na kioo unakishusha."

"Kwa baridi hii? Yaya, utaniua."

"Lori likienda chini, mlango haufunguki, maji yanausukuma. Utatokea dirishani. Shusha kioo, weye mtu wa London."

Nikashusha. Nililalamika safari nzima, machozi yananiganda kwenye kope, wewe unacheka na kuimba nyimbo za kwaya. Tulikwenda polepole, mtu mwenye baiskeli angetupita. Ulinieleza kwamba uzito wa lori unasukuma maji chini ya barafu, yanakuwa wimbi linalotembea mbele yako. Ukiharakisha, wimbi hilo linagonga ufukwe, linarudi, linakupasulia njia. Mimi nilikuwa nasikiliza milio. Ziwa lilikuwa linalia chini yetu, mara kama kamba ya nanga ikivutwa, mara kama mtu anagonga bati mbali sana. Nikakushika mkono. Ukasema, "Likilia, ni zuri. Linajinyoosha."

Ukanipa na sheria nyingine. Lori na lori yaachane mbali. Mtu akiharibikiwa njiani, hakuna kumsogelea. Unapita kwa mbali kwenye njia nyingine waliyoilima kwa greda, unaongea naye kwa redio, na watu wa msaada wanamfuata kwa gari jepesi. Uzito wa malori mawili mahali pamoja, barafu haibebi.

Nikasema, "Hiyo ni sheria ya watu wasio na roho."

Ukasema, "Ni sheria ya barafu. Lakini hata mimi ilinisumbua mwanzoni. Mara ya kwanza nilipompita mtu amekwama, sikula siku ile."

Nilijua kwa nini hukula. Kwetu boti haimpiti mwenzake aliyezimikiwa injini. Hata uwe na bibi harusi ndani, hata samaki wako wanaoza, unageuza. Unakwenda ubavu kwa ubavu mpaka mbao zinagusana, mnashikana mikono, unawapa petroli, unawapa maji, unawafunga kamba. Humwulizi mtu kabila ziwani. Wakati wa vita watu waliokimbizana na mapanga nchi kavu walifungana kamba majini. Anayempita mwenzake, habari zinafika ufukweni kabla yake, na wanawake wanaouza ndagala, dagaa wa kwetu, hawamsalimii. Hilo hatukusoma popote. Tulikua nalo.

Safari ya kwenda tulifika salama. Wenyeji wa kile kijiji walikupokea kama mjomba wao. Mzee mmoja alikupa samaki mkavu, ukamwambia kwetu tunamla vilevile, ukamchekesha kwa kutafuna kichwa. Nilijivuna. Nilisema moyoni, huyu ni ndugu yangu, aliyenibeba mgongoni kuvuka mto tukikimbia, na leo anabebea watu chakula juu ya ziwa.

Kurudi tulipakia trekta bovu la kijiji, linapelekwa mjini kutengenezwa. Lilikuwa zito.

Sasa nitaandika lile ambalo sijamwandikia mtu, wala sijalisema lote kwa mdomo.

Ilikuwa saa sita mchana. Tuliliona lori limesimama, boneti juu. Redio ikalia, dereva wake, mzungu mtu mzima, akasema injini imekufa, msaada umeshaitwa, piteni, msisimame. Ukamwuliza kama ana joto ndani. Akasema hana, lakini atavumilia. Akarudia, msisimame. Ulianza kuhamia ile njia ya mbali. Nikamwona akishuka kupigapiga miguu chini, ndevu zake nyeupe kwa barafu. Tulikuwa na chupa mbili za chai na blanketi alilotupa Mama Neema.

Nikakwambia, "Yaya, sisi ni watu wa kumpita mtu ziwani?"

Ulipunguza mwendo. Ukasema, "Mdogo, usinifanyie hivyo."

Nikasema, "Baba angepita?"

Ukavuta pumzi, ukasema, "Sawa. Nitasimama hapahapa mbali. Tutembee. Tumpelekee chai kwa miguu, turudi."

Ulisema tutembee. Ungekuwa mwendo wa robo saa, pengine na pungufu. Mimi nilikuwa na viatu vya London, vidole nilikuwa sivisikii tangu asubuhi. Sikutaka kushuka. Nikakwambia, "Kwa nini tuteseke? Sogea tu ubavuni, tumpitishie dirishani, dakika moja." Kama boti, Yaya. Nilikuambia usogee kama boti. Nawe, labda kwa kuwa nilikuwa mgeni wako, labda kwa kuwa nilikuwa nimekonda na ulinihurumia, ulisogea.

Yule mzungu alipotuona tunakuja alipunga mikono yote miwili, redio inapiga kelele. Ulimzunguka kwa kando, karibu na tuta la theluji iliyosukumwa na greda. Ulisimama. Nilinyoosha mkono na chupa ya chai. Mkono wake haukuifikia.

Sikumbuki kama ziwa lililia au lilinyamaza. Nakumbuka upande wako ulishuka kwanza, taratibu, kama mtu anayekaa kitako. Maji yaliingia meusi. Ulinishika kwa koti, lile koti lako, ukanisukuma juu kwa bega, ukasema, "Toka." Hukusema neno lingine. Nilitoka dirishani. Niligeuka kukushika nikashika barafu.

Yule tuliyekwenda kumsaidia ndiye aliyenivuta. Alilala kifudifudi, akanirushia kamba, akanivuta mpaka kwenye tuta, akanivika jaketi lake mwenyewe akabaki na sweta. Alikuwa analia. Alikuwa anasema neno moja tena na tena, kwa nini, kwa nini.

Wapiga mbizi walikutoa siku ya tatu. Halafu nikajua jambo jingine la kule: ardhi nayo imeganda, kaburi halichimbiki mpaka theluji iyeyuke. Wakakuweka kwenye nyumba ya baridi ungoje. Ruhusa yangu ya kukaa kule ikaisha, nikarudi London ukiwa hujazikwa. Mazishi yako niliyaona kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za jengo hili, mapumziko ya chai, picha inakatikakatika. Nilimwona Mama Neema akitupa udongo. Halafu nikarudi kubeba.

Kabla sijaondoka polisi walikuwa wameniuliza, kwa mkalimani wa simu, mwanamke mwenye Kiswahili safi cha pwani. Akaniuliza, "Ni nani aliyeamua kusogea karibu?" Nikamjibu, "Dereva ndiye anayeendesha." Akaandika. Maneno hayo si uongo, ndiyo maana yanatisha. Taarifa ikatoka kwamba dereva alionywa kwa redio, akaacha njia, akasimama pasipotakiwa.

Mama Neema alipoisoma alinipigia. "Shemeji, aliambiwa asisogee! Aliambiwa mara mbili! Watoto wake watatu hawakumtosha, mpaka akafie mgeni na chupa ya chai?" Nilikuwa na nafasi pale. Nikasema, "Pole, shemeji." Akasema, "Sitamsamehe." Hakuuliza nilikuwa nasema nini mimi wakati ule. Hakuna aliyeuliza. Mdogo hamwamrishi mkubwa kwetu, kwa hiyo haikumjia mtu akilini.

Habari zikafika Baraka hivyo, kwa jina lako: Eliya alikaidi. Furaha aliniambia kwamba mama aliitoa ukutani ile picha uliyomtumia umesimama na lori lako. Kila mtu akimpa pole anasema, "Tangu utoto alikuwa haambiliki," na kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukisikia kuliko sisi wote.

Nikaishi nayo hivyo mwaka na zaidi. Mtu huzoea. Unaamka, unapanda treni, unabeba, unakula mkate, unabeba, unalala.

Mwezi uliopita nilikwenda kusali. Tunakodi ukumbi wa shule Jumapili mchana, viti vya plastiki, watoto wetu nyuma wanaongea Kiingereza. Mhubiri ni mtu wa kwetu, mtu mwema, alinitembelea msibani akanipa viazi. Siku hiyo alifundisha juu ya utii. Akasema, "Wapendwa, tunaye ndugu yetu, mtoto wa Baraka, familia yake tuko nayo humu. Alionywa. Sauti ilitoka kwenye redio ikamwambia, usisimame! Akasimama! Akajiona anaijua barafu kuliko wenye barafu. Kiburi, wapendwa, kina uzito kuliko lori!"

Watu wakasema, "Amina!"

Nami nikasema Amina, Yaya. Mdomo ulitamka wenyewe. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanigusa goti, akaninong'oneza, "Jikaze, baba. Ukweli unauma lakini unajenga."

Nilitoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka. Nikampigia mama.

Alifurahi. Huwa nampigia jioni. Akasema, "Leo umeniwahi, niko nachambua ndagala. Umekula?" Nikasema nimekula. Akasema, "Muongo." Nikamwambia, "Mama, weka chini hao samaki, nisikilize. Yaya hakukaidi. Yeye alitaka kupita. Mimi ndiye niliyemwambia, sisi ni watu wa kumpita mtu ziwani? Mimi ndiye, mama. Alisimama kwa neno langu."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia yote kutoka kwenye kiti mpaka kwenye mapipa.

Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulimwambia hivyo? Kwa maneno hayohayo?"

"Hayohayo, mama."

Akasema, "Basi weye hujui. Ulikuwa unanyonya."

Akanisimulia. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umeanza kupanda boti ya baba mdogo. Siku moja mmerudi mapema na mzigo, ukawa unasimulia kwa furaha mbele ya watu kwamba mmeona boti ya Wagoma, wale majirani zetu, imezimikiwa injini, wakawapungia mikono, mkapita kwa sababu soko lingefungwa. Mama alikuwa ameshika sufuria ya bugali. Aliimwaga chini mbele yako. Alikuchapa kwa mwiko mpaka ukakatika. Akakuambia, "Mtoto wangu hampiti mtu ziwani. Nenda ukawatafute, usipowapata usirudi kwangu." Ulikwenda peke yako kwa kasia, mtoto, mawimbi yameanza. Ulirudi kesho yake jua limepanda, umewavuta kwa kamba mkiwa watano, mikono yako imechubuka nyama. Mama alikuosha mikono kwa maji ya chumvi, na ulipokuwa unalia alikwambia neno la mwisho juu ya hilo. Alikuambia, "Afadhali niambiwe umekufa ukisogea, kuliko niambiwe umeishi ukipita."

Halafu akasema, "Sasa nimeambiwa."

Nikasema, "Mama, si hivyo."

Akasema, "Ni hivyo, mwanangu. Weye ulimkumbusha tu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Hakukata simu. Aliiweka mahali, nafikiri juu ya ungo. Nilisikia kuku. Nilisikia jirani anamsalimia, hakuitikia. Nilisikia mtu anatwanga. Nikawa naita, mama, mama, mpaka wanaume wawili waliokuwa wanapita barabarani wakageuka kunitazama. Salio likaisha.

Tangu siku hiyo Furaha ndiye anayepokea. Amekasirika. "Ulimwambia nini mama? Weye una akili kweli? Alikuwa amekwisha kupona!" Anasema mama alisimama kanisani wakati wa shuhuda. Watu wakadhani anataka kushukuru. Akasema anaomba waumini wamwombee kwa Mungu, kwa sababu amemuua mtoto wake kwa mdomo. Wazee wakamkalisha. Anasema ndagala hauzi tena, ameziacha kwenye uzio mpaka zikaliwa na kunguru. Watoto wa Furaha wakiwa wanacheza na mtu akianguka, mmoja akikimbia kumwinua, mama anamkemea: "Mwache! Mwache ainuke mwenyewe!" Halafu analia. Mama yetu, Yaya. Aliyewagawia bugali hata askari waliotuibia mbuzi.

Jina lako limesafika kwake, hilo nimelipata. Picha ya lori imerudi ukutani. Lakini mimi nilitaka kuhamisha lile jiwe litoke juu yako lije juu yangu, likapita juu yangu bila hata kunigusa, likamwangukia mzee wa watu.

Na wewe unajua kwamba nilimwambia nusu. Nilimwambia ile nusu nzuri, ile ya huruma, ile ambayo hata mtu mwenye kosa anaweza kuisema kifua mbele: nilikuwa na utu mwingi, nikamponza ndugu yangu. Sikumwambia habari za viatu. Sikumwambia kwamba ulipata njia ya kumsaidia yule mtu bila kumpita na bila kuvunja sheria yao, njia nzuri kabisa, kwa miguu, na kwamba mafundisho yake mama yangekuleta nyumbani salama. Yeye alikufundisha usimpite mtu, ukatii. Aliyekataa kutembea ni mimi, kwa sababu ya vidole vya miguu.

Ningemwambia hilo, angepona. Najua angepona. Angenichukia, pengine, au angeninyamazia, lakini angelala. Nimejaribu. Mara tatu nimempigia Furaha nikamwambia, nipe mama. Mara mbili mama alikataa kuja. Mara ya tatu alikuja, nikamsikia anapumua, akasema, "Nani?" Nikasema, "Ni mimi, mama." Akasema, "Umekula, mwanangu?" Na sauti ilikuwa laini, Yaya, laini kuliko ya siku zote, sauti ya mama anayemwonea huruma mtoto ambaye yeye mwenyewe amemkosea. Nikasema nimekula. Nikazungumza habari za mvua. Nimebaki mtoto wake mmoja wa kiume na bado ananipenda, na hicho ndicho nilichokishika, sikiachii, na yeye anazama.

Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga pale juu ya barafu na ni mwoga hapa nchi kavu. Ningekuwa mtu, ningepanda ndege nikapige magoti mbele yake. Nasema sina nauli, nasema msimamizi hataniruhusu. Ni kweli na si kweli, kama yale maneno niliyompa mkalimani.

Ndiyo sababu barua hii naiacha wazi, naituma kwenye kundi la simu la watu wa kwetu. Mama hajui kusoma, unajua. Ila Furaha anajua, na watu wetu wa Ilford wanatumiana kila kitu kwa simu, habari ikitoka hapa asubuhi, jioni iko Baraka. Mhubiri naye ataiona. Anayeijua nyumba yetu, karibu na kisima cha zamani, aingie ndani, amsomee mama. Asinionee haya. Kama barua ni ndefu, aruke mambo ya London, aruke greda na wimbi. Amsomee pale uliposema tutembee, na pale nilipokataa. Akimaliza, amsomee tena.

Kisha mama afanye anavyotaka na mimi.

Pumzika, Yaya, katika ardhi hiyo ya watu, ambayo baridi hii imeganda tena juu yako. Sikuombi unisamehe, nakuomba umwonee mama huruma kama una uwezo huo huko uliko, maana mimi uliyenisukuma nitoke sijafanya cha maana na maisha uliyoniachia.

Mdogo wako wa mwisho,
Ilford